Jina Lako Hatufuti

Katika kila ofisi ya Serikali kuna chumba kiitwacho masjala. Wananchi wengi hupita mlangoni pake bila kuingia, kwa kuwa humo hakuna amri itolewayo wala fedha ilipwayo. Mna majalada tu. Lakini jalada likipotea, mwenye jalada naye huwa kama aliyepotea: mwalimu hapandishwi daraja, mstaafu hapati mafao yake, mjane hurudi nyumbani mikono mitupu. Mimi nimetumika katika chumba hicho kwa zaidi ya miaka thelathini. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, kazi yangu ni utunzaji wa kumbukumbu, na jioni, baada ya kufunga masjala, hutunga mashairi. Nayaeleza haya mapema ili msomaji ajue kwamba kisa nitakachosimulia kinazihusu kazi zangu zote mbili, na kwamba ndani yake kazi moja iliisuta nyingine.

Nilizaliwa Kilwa Kivinje, katika nyumba ya Kiislamu. Utumishi ulinihamisha mara kadhaa hadi ukanifikisha Mbinga, mkoani Ruvuma, katika milima ya Wamatengo, ambako baridi ya mwezi wa Juni humfanya mtu wa pwani atafute blanketi jua lingali juu. Huko watu hulima kahawa. Na mahindi na maharage huyalima kwa ngolo, yaani vishimo vilivyopangwa mteremkoni mithili ya masega ya nyuki, ili mvua isichukue udongo. Mwanangu alipomaliza darasa la saba nilimpeleka katika shule moja ya bweni ya Kanisa Katoliki iliyoko katika milima hiyo, na baada ya muda wazazi wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wao katika bodi ya shule. Hakuna aliyeniuliza dini yangu. Waliniuliza kama najua kuandika muhtasari wa kikao.

Pengine vijana wasomao kurasa hizi hawajapata kuiona bodi ya shule ikiketi, kwa hiyo yafaa niseme maneno machache juu yake. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na shule zilifuata nyayo zao katika eneo lote lile. Baada ya Uhuru, sheria ya elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata msaada wa Serikali chini ya Serikali yenyewe, ili mtoto wa kila dini apate nafasi sawa. Baadaye makanisa yaliruhusiwa kujenga shule nyingine, na mwaka 1992 makanisa na Serikali walitia saini mkataba wa kushirikiana katika elimu na afya. Katika shule kama yetu mwenye mali ni Jimbo, mfuasi wa mtaala ni wa Taifa, na kati yao imekaa bodi. Humo mna padre anayemwakilisha mwenye shule, mwakilishi wa walimu, wazazi, na wazee wa mahali, na mkuu wa shule ndiye katibu. Mimi nilikuwa nikimsaidia kuandika.

Kabla ya mwaka 2020 vikao vyetu vilikuwa vya mambo ya kawaida: bati lililong'olewa na upepo, kuni za jikoni, bei ya maharage, mwalimu wa hesabu aliyehama. Tarehe 11 Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani liliutangaza ugonjwa wa korona, ambao baadaye tuliuita UVIKO-19, kuwa janga la ulimwengu. Tarehe 16 alitangazwa mgonjwa wa kwanza katika nchi yetu. Tarehe 17 Waziri Mkuu alitangaza kufungwa kwa shule zote, tangu za awali hadi kidato cha sita, kwa muda wa siku thelathini. Siku hizo zilikuja kuongezwa. Kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni, na wanafunzi wengine wote tarehe 29 Juni.

Niliwaona wanafunzi wetu wakiondoka na masanduku yao ya bati. Walikuwa wakicheka, kwa maana likizo isiyotazamiwa ni furaha ya kila mwanafunzi. Mkuu wa shule alisimama langoni ameshika daftari la mahudhurio, akiandika mbele ya kila jina kijiji aendako mwanafunzi, jina la mlezi wake, na namba ya simu. Na kwa asiyekuwa na simu nyumbani, namba ya jirani. Nilidhani ni urasimu wa mwalimu tu. Baadaye nilitambua kwamba pasipo orodha ile tusingeweza kufanya lolote.

Bodi ilikutana wiki iliyofuata chini ya mparachichi, viti vikiwa mbalimbali, na ndoo ya maji yenye koki imewekwa njiani pamoja na sabuni. Sista mweka hazina alisoma hesabu. Wazazi wengi walikuwa bado hawajakamilisha ada, kwa kuwa mkulima wa kahawa hulipa sehemu kubwa baada ya mavuno, na mavuno huanza katikati ya mwaka. Mishahara ya walimu wa shule ya Serikali hutoka hazina ya nchi. Walimu wetu huishi kwa ada. Basi maswali yalikuwa mawili: walimu watakula nini, na wanafunzi watasoma vipi. Mmoja wetu, mtu mwema mwenye duka mjini, alishauri kwamba masomo yaandaliwe na kupelekwa kwa waliokwisha kulipa, na wengine wangoje. Nakiri kwamba neno hilo nililiona la haki, na kalamu yangu ilikwisha anza kuliandika.

Ndipo mzee mmoja, mjumbe wa miaka mingi kuliko sisi sote, alipoomba nafasi ya kusema. Wamatengo wana desturi ya tangu kale iitwayo sengu. Watu wa ukoo hukusanyika kwa mkubwa wao, hula pamoja, na baada ya chakula mambo ya ukoo huzungumzwa, wakubwa wakishauriana na wadogo wakijifunza kwa kusikiliza. Mzee alisema, "Nilipokuwa mtoto, katika sengu ya babu yangu hakuna aliyeulizwa baba yake ameleta unga kiasi gani. Mtoto aliulizwa kama ameshiba. Na asiyekuwapo aliulizwa yuko wapi. Bodi hii ni sengu ya shule. Tuanze kwa kuuliza watoto wako wapi." Akaketi. Mwenye duka alicheka kidogo, akasema kwamba mzee amemshinda, na mimi nikakata mstari niliokuwa nimeuandika.

Siku hiyo tuliamua mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi afuatiliwe kwa jina lake kila baada ya wiki mbili, awe amelipa au hajalipa. Pili, fedha ya chakula ambacho hakikuliwa isipotee, bali ihesabiwe katika muhula ujao. Tatu, walimu wapate nusu ya mshahara, na nusu ya pili ifidiwe kwa kadiri iwezekanavyo kwa mahindi na maharage ya shamba la shule, hadi hali itengemae. Shamba hilo wanafunzi wamelinung'unikia kila mwaka. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe jamii inayojilisha pamoja na kujifunza. Katika miezi ile nililiona shamba likitimiza fikra hiyo, kwa maana bila gunia zile walimu wangetawanyika.

Redio na televisheni ya Taifa zilitangaza vipindi vya masomo, na katika miji mikubwa wapo waliosoma kwa intaneti. Katika vijiji vyetu nyumba nyingi hazikuwa na televisheni, na simu nyingi zilikuwa za kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo walimu waliandika masomo, yakadurufiwa, na kila mwanafunzi akapata bahasha yenye jina lake. Kanisa lilikuwa na njia zake tayari: parokia ina vigango, na kigango kina jumuiya ndogondogo za nyumba chache chache. Bahasha iliyotoka shuleni Jumatatu ilipanda gari la abiria au pikipiki, ikafika kwa katekista, na Jumapili ikawa mkononi mwa mtoto. Katika kijiji kimoja chenye Waislamu wengi, bahasha zilipitia kwa imamu wa msikiti, naye hakuchelewesha hata moja. Masista nao walishona barakoa za vitambaa, wakazitia mbili mbili katika kila bahasha.

Mimi nilipewa kazi niijuayo. Nilifungua daftari jipya, na mbele ya kila jina nikaweka nafasi ya alama tatu: bahasha imetoka, imefika, imerudi na majibu. Alama ya tatu ilipokosekana mara mbili mfululizo, mtu alitumwa kwenda kubisha hodi. Zaidi ya hayo mkuu wa shule aliniomba ubeti mmoja wa kuwekwa juu ya kila karatasi, ili wanafunzi wapate moyo. Nikatunga huu:

Shule si kuta na bati, wala dawati chumbani,
Shule ni watu wa dhati, wajuanao shidani,
Tuwe mbali au kati, milimani na bondeni,
Jina lako hatufuti, limo mwetu vitabuni.

Niliuona ubeti mwepesi, lakini wanafunzi waliupenda. Wengine walinijibu kwa beti zao, mizani ikipungua hapa na kuzidi pale. Katika mwezi wa Ramadhani, ulioanza mwishoni mwa Aprili, nilishuka hadi mwambao wa Ziwa Nyasa kupeleka bahasha mwenyewe, kwa kuwa katekista wa huko alikuwa mgonjwa. Nilimkuta mvulana wa kidato cha kwanza akishona nyavu za baba yake. Mama yake aliniuliza, "Baba, wanasema shule imekufa. Ni kweli?" Nikamjibu kwamba haijakufa, na nikamkabidhi mtoto bahasha. Alilisoma jina lake juu yake mara mbili kabla ya kuifungua. Nilirudi milimani na swaumu yangu nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu. Yafaa nilitaje hilo, kwa sababu ya yaliyofuata.

Tarehe 29 Juni shule ilifunguliwa. Tuliita majina uwanjani, na kila aliyeitwa aliitika. Majina matatu hayakuitikiwa. Mvulana mmoja wa kidato cha pili alikuwa amekwenda kufanya biashara ndogondogo ziwani na nyumbani hawakujua yuko ufuko gani. Msichana mmoja alikuwa ameozwa. Na msichana mwingine wa kidato cha tatu, ambaye alama yake ya tatu ilikosekana tangu katikati ya Mei, alikuwa kijijini kwao, mja mzito. Huyo nilimfahamu. Kabla ya shule kufungwa aliwahi kunifuata baada ya kikao, akaniomba nimweleze tofauti ya vina vya kati na vina vya mwisho. Baba yake, alipoona miezi inapita na kahawa bado haijaiva, alimpeleka mjini kusaidia katika mgahawa wa ndugu yake. Alirudi baada ya wiki chache bila kusema lolote.

Taratibu zilizofuatwa wakati ule zilikuwa kwamba mwanafunzi apataye mimba huacha shule. Bodi ilikutana mwezi wa Julai. Hakuna aliyesema kwa ukali. Padre alisikitika, Sista alifuta macho, mwenye duka alikaa kimya. Kisha daftari likasogezwa mbele yangu. Nilichukua kalamu nyekundu na rula, kama nifanyavyo kwa mtumishi aliyeacha kazi, nikapiga mstari katika jina lile, nikaandika tarehe. Mstari ulinyooka vizuri. Juu ya meza palikuwa na masalio ya karatasi zile za masomo, ubeti wangu uko juu ya kila moja, nami sikuuona.

Mzee ndiye aliyeuliza, "Na huyu sasa nani atamjulia hali?" Tulimjibu kwamba si mwanafunzi wetu tena. Hakujibizana nasi. Lakini katika kila kikao cha mwaka ule, kabla ya kufunga, aliuliza tena: yule mtoto, mmemjulia hali? Nasi kila mara tuliandika kwamba jambo hilo litaangaliwa. Mwezi wa Februari mwaka 2021 mzee aliugua kifua, akafariki katika juma moja. Chanjo ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai mwaka huo, Sista alikuwa wa kwanza kwetu kunyosha mkono, na alisema anafanya hivyo kwa ajili ya kiti kilichobaki kitupu. Mimi nilichanjwa baada yake. Swali la mzee halikuwa na mtu wa kuliuliza tena, nalo likaanza kunijia masjala, katikati ya kazi.

Nikatambua kosa langu lilikuwa wapi. Sisemi kwamba mtumishi avunje taratibu. Nimeishi kwa taratibu, na nchi isiyo na taratibu humwonea mnyonge kwanza. Lakini taratibu ile ilitukataza kumweka yule mtoto darasani. Haikutukataza kumjulia hali. Katekista aliendelea kupita mbele ya nyumba yao kila Jumapili. Bahasha ingeweza kufika. Ipo mitihani ya watahiniwa wa kujitegemea, ambayo mtu aweza kujiandaa nayo akiwa nyumbani. Yote hayo niliyajua, maana nyaraka zake hupita mikononi mwangu. Nilipiga mstari nikadhani kazi imekwisha, kwa kuwa katika daftari ilikuwa imekwisha kweli.

Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, pamoja na wasichana waliopata mimba, wanaruhusiwa kurejea shuleni. Bodi ilikutana mwanzoni mwa Desemba. Safari hii kulikuwa na mabishano. Mzazi mmoja alisema kwamba wasichana wengine wataona kosa halina adhabu. Padre alimjibu kwa upole kwamba mtoto yule amekwisha kuadhibiwa mwaka mmoja na nusu, na kwamba aliyempa mimba hakupigiwa mstari katika daftari lolote. Ikakubaliwa atafutwe, asamehewe ada ya mwaka wa kwanza, na bibi yake mzaa mama aombwe kumlea mtoto mchanga. Wakauliza nani ataenda. Nikasema nitakwenda mimi, pamoja na Sista.

Tulifika jioni, ukungu umekwisha teremka kwenye migomba. Bibi alikuwa jikoni. Alipotuona alitangulia kutuuliza, hata kabla ya kutukaribisha, "Mmekuja kudai ada?" Swali hilo lilinichoma kuliko lawama yoyote. Sista alimwambia kwamba hatudai kitu. Msichana akatoka na mtoto mgongoni, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" "Sijambo." Tukakaa juu ya gogo. Sista alieleza tulilotumwa. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na daftari lake la Kiswahili. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja ya masomo ya mwezi wa Aprili, imekunjwa mara nne, imechakaa mikunjoni. Alinipa bila kusema neno. Niliusoma ubeti wangu pale, mbele ya bibi yake, nikaona aibu ambayo sijaiona katika maisha yangu yote ya utumishi.

Nilimwambia, "Nilikufuta, mwanangu. Ni mimi niliyepiga mstari. Naomba radhi." Bibi alishangaa kumsikia mtu mzima akimwomba radhi mtoto. Msichana alitazama chini kwa muda, kisha akaniuliza kama bado kuna nafasi katika bweni.

Alirejea Januari 2022, akaanza tena kidato cha tatu pamoja na wadogo zake. Wapo waliomcheka katika wiki za mwanzo, na wapo waliomgawia madaftari yao. Mwezi wa Novemba 2023 alifanya mtihani wa kidato cha nne. Katika daftari sikuufuta mstari mwekundu, kwa sababu kumbukumbu haifutwi. Chini yake niliandika kwa wino wa buluu: Amerejea, Januari 2022. Wale wengine wawili hatujawapata. Majina yao ningali nayo, na kila mwaka, daftari jipya linapofunguliwa, nayahamishia humo.

Waalimu wenzangu katika malezi, na ninyi vijana mnaosoma, nimeulizwa mara nyingi shule yetu iliwasaidia vipi wanafunzi katika janga lile. Naweza kutaja bahasha, barakoa, gunia za mahindi, na ada iliyoahirishwa, na yote hayo ni kweli. Lakini msaada ulianza pale langoni, mwalimu alipoandika mbele ya kila jina mahali mtoto anapokwenda, na ulikoma pale mezani, nilipoacha kuuliza. Waswahili tunasifiwa kwa salamu ndefu. Tunauliza habari za mtu, za nyumbani, za watoto, za kazi, hata wageni hutuona tunapoteza wakati. Sengu ya Wamatengo ni salamu hiyohiyo iliyowekewa chakula. Ukiwa mwalimu, nawe una daftari la mahudhurio mkononi. Yapo majina unayoyaita kila asubuhi nayo hayaitiki. Kabla hujaweka alama ya kutokuwapo, muulize aliyeketi jirani na kiti kile kitupu: mwenzako yuko wapi?